Pacha wa Katoni Moja

Mama hakuwahi kuwapakia mabinti zake wawili katika gari moja. Wakialikwa harusini, mkubwa alitangulia na teksi yake, mdogo akafuata na nyingine, na Mama mwenyewe alipanda na yule aliyeamka vibaya zaidi siku hiyo. Walipohamia jengo lenye lifti, sheria iliwafuata huko huko: mmoja lifti, mwingine ngazi. Sababu haikuwa siri. Kaka zake wawili, wajomba wa mabinti hao, waliondoka asubuhi moja katika gari moja kwenda kununua mabati, na hakurudi hata mmoja. Tangu hapo Mama alikata shauri kwamba Mungu akitaka kuchukua atachukua, lakini yeye hatamfungashia.

Binti mkubwa alikuwa fundi wa kompyuta katika benki ya damu, na kwa kuwa kazini hakuna aliyemwita vinginevyo, nasi tumwite Fundi. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mwepesi wa kucheka mambo ya wenzake, mzito wa kucheka ya kwake. Sheria ya magari mawili aliifanyia mzaha tangu usichana.

"Mama, kwani sisi mayai?" angeuliza.

"Mayai huuzwa trei nzima," Mama angejibu. "Nyie niliwazaa mmoja mmoja, na kila mmoja nilimlilia siku yake."

Binti mdogo waliyemwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuja mwisho akafunga mlango, alikuwa mgonjwa wa damu. Mwili wake ulishindwa kujitengenezea ya kutosha, hivyo kila wiki ya nne aliongezewa chupa moja. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Sasa, mwili uliopokea damu ya watu wengi mno hujifunza kuchagua, na wa Kitinda ulikuwa umejifunza kupita kiasi. Watu ambao damu yao iliingia mwilini mwake bila ugomvi walikuwa tisa, wakawa sita. Mmoja akahama, mmoja akaanza dawa za moyo, wengine wakaacha kupokea simu. Wakabaki wawili. Mtu akishatoa damu hukaa miezi mitatu kabla ya kutoa tena, kwa hiyo hata asiyependa hesabu aliiona hii: wanahitajika watatu, wapo wawili. Kila mwezi wa tatu wa mzunguko huo Kitinda alikaa bila kitu, akawa hawezi kupanda ngazi zaidi ya tano bila kupumzika, ndiyo maana nyumbani sheria ya lifti ilimtaka Fundi ndiye apande kwa miguu ili mdogo wake apite juu kwa raha. Hilo walau Fundi hakuwahi kulilalamikia.

Tuje kwenye mashine, maana ndiyo iliyoleta haya.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya mambo kuharibika, benki ya damu ilinunua seva mpya ya kuwekea kumbukumbu zote: nani alitoa damu, lini, ya aina gani, anapatikana kwa simu gani. Diski zake zilikuwa nne, na ilibidi kuamua zipangweje. Kikao kilikuwa cha watu watatu. Alikuwepo Mkurugenzi, bwana mwenye miwani iliyoishi kichwani badala ya machoni. Alikuwepo Sista, muuguzi mkuu wa chumba cha damu. Na Fundi akiwa na kalamu mbele ya ubao.

"Njia ya kwanza," Fundi alisema, "zote nne zigawane kazi, na kila moja ibebe kipande cha hesabu za wenzake. Ikifa moja, tatu zilizobaki zinakaa chini zinakokotoa, mpaka zikumbuke yote aliyoyajua marehemu. Unapata nafasi ya diski tatu. Ila kukokotoa huko kunazichosha, na ya pili ikifa katikati ya shughuli, tumeumia. Njia ya pili ni ya pacha. Mbili kwa mbili. Kila neno linaloandikwa kwa hii linaandikwa na kwa ile. Ikifa moja, pacha wake anaendelea kama hakuna kitu."

"Na nafasi?"

"Ya diski mbili."

"Kwa hiyo nanunua nne, natumia mbili."

"Unanunua nne, unalala usingizi."

"Mimi nalala hata sasa," alisema Mkurugenzi. Alitaka ile nafasi ya ziada aweke picha za kamera ya getini, jambo aliloahidi kwenye kikao kikubwa zaidi ya hiki. Walivutana saa nzima. Fundi alipandwa na hasira, akasema diski ni kitu cha kufa kama vingine, sisi tunachagua tu msiba uwe wa ukubwa gani. Mwishowe Sista, aliyekuwa kimya akijaza fomu zake, aliinua kichwa.

"Kamera ya getini ina mgonjwa?" aliuliza.

Hapo ikapita njia ya pacha. Fundi alitoka kikaoni kifua mbele, saa saba kasorobo mchana, akaenda moja kwa moja stoo.

Stoo ilikuwa ya mzee mmoja waliyemwita Mzee Saini, kwa kuwa hata sindano ya kushonea kifungo hakuitoa bila saini tatu. Rafuni palikuwa na katoni mbili za diski, kutoka kwa wauzaji wawili. Fundi alitaka mbili za katoni hii na mbili za ile. Hakuwa anadeka. Mafundi wote wanajua kwamba diski zilizotoka kiwandani siku moja, kwa vyuma vilevile na mkono uleule, zikiwekwa kazi moja huchoka pamoja. Ukizifanya pacha, umempa mgonjwa muuguzi mwenye homa ileile.

"Katoni haifunguliwi mpaka iliyo wazi iishe," alisema Mzee Saini.

"Mzee wangu, ni mbili tu."

"Lete barua ya Mkurugenzi."

Barua ya Mkurugenzi! Fundi alitazama juu, kwenye ngazi alizotoka kushuka. Alijua akirudi kule, yule bwana atafufua habari ya kamera, na saa nyingine itapotea. Kila mtu ana kiasi chake cha ugomvi kwa siku, na cha Fundi kilikuwa kimekwisha.

"Haya, nipe hizo hizo," alisema, akaweka saini tatu.

Kisha akaongeza kosa juu ya kosa, na hili ni la watu nadhifu peke yao. Diski zilikuwa na namba za kiwandani zilizofuatana: arobaini na moja, na mbili, na tatu, na nne. Fundi alizipanga kwa namba zake, ya kwanza na ya pili pacha, ya tatu na ya nne pacha, zikakaa kwenye boksi zimenyooka kama watoto wa darasa la kwanza. Alipendezwa nazo kiasi cha kuzipiga picha. Jioni alimwonyesha Kitinda, na Kitinda, asiyejua diski wala dada yake diski, akasema zimependeza.

Kazi ikaenda. Kila Ijumaa Fundi alitoa nakala ya kumbukumbu zote akaipeleka jengo jingine. Ombi lake la kutoa nakala kila siku lilikuwa bado linazunguka mezani mwa watu likitafuta saini.

Basi Jumanne moja Sista alimpigia simu akamwambia apande juu. Alimkuta amefunga mlango.

"Tumempata mtu," Sista alisema. "Kaja mwenyewe asubuhi, mpita njia, kaona bango la nje. Damu yake na ya mdogo wako zimepatana. Nimezirudia mara tatu."

"Nani?"

"Unajua siwezi kukwambia. Hata jina lenyewe sikulikamata. Alikuwa na madoa ya rangi kwenye kucha, nadhani ni mpaka rangi wa nyumba. Yumo kwenye mashine yako."

Chupa yake ilikuwa tayari kwenye friji, na namba yake ubavuni. Chupa ile ingetosha mara moja. Baada ya hapo angehitajika yeye mwenyewe, miezi mitatu ijayo na mitatu mingine, na njia pekee ya kumpata ilikuwa mstari mmoja katika seva, kwa sababu kadi za karatasi ambazo watoaji hujaza huchanwa jioni ileile, kulinda siri zao, na karani aliyezichana hakuwahi kukosa siku. Fundi alishuka ngazi akiwa mwepesi. Alimwambia Mama kwa simu, naye Mama akasema Alhamdulillahi mara nyingi, halafu akauliza kama mtu huyo anatembea peke yake barabarani.

Alhamisi asubuhi taa nyekundu iliwaka kwenye seva. Diski ya arobaini na moja ilikuwa imekufa.

Fundi hakushtuka. Tuseme ukweli, alifurahi kidogo, kama mtu aliyenunua mwavuli siku nyingi na mvua ndiyo inadondoka. Alitoa diski mpya, akaizima seva, kwa kuwa boksi lile lilikuwa la aina ya kufunguliwa kwa bisibisi, akaitoa ile maiti, akaweka mpya, akawasha. Mashine ikaanza kumnakili pacha aliyebaki. Kazi ya saa tisa, iliandika kwenye kioo. Fundi akavuta kiti akamimina chai.

Saa nne na robo alisikia kitu kinagonga. Tik. Halafu kimya. Halafu tik, tik. Aliweka kikombe chini taratibu sana, akainama, akaliweka sikio kwenye chuma. Ilikuwa arobaini na mbili.

Alikaa vile ameinama kwa muda, na kilichomjia hakikuwa cha kiufundi. Kilikuwa sauti ya Mama: mayai huuzwa trei nzima. Miaka thelathini amemcheka mama yake mbele ya wageni, na kumbe yeye ndiye amewapakia wawili gari moja, akawafunga mikanda, akawapiga na picha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Lakini guu alilokuwa amelivunja halikuwa lake.

Alisimamisha kunakili. Alipiga simu vyumba vyote akawaambia waache kugusa kompyuta. Kila kitu cha mpaka Ijumaa iliyopita kilikuwa salama kwenye nakala. Kilichokuwa kwenye diski ile peke yake ni watu wa wiki hii, mia mbili na kumi na wawili. Diski iliweza kuishi siku nzima, iliweza kuishi dakika kumi. Kazi ya kuokoa maandishi namna hii ina utaratibu wake: unaanza na mstari wa kwanza unateremka, polepole, bila kuirusharusha diski mgonjwa huku na huku, maana kila mruko unaimaliza nguvu. Fundi alikuwa amewafundisha wengine utaratibu huo. Aliuandika yeye, ukabandikwa ukutani, alikuwa anautazama.

Akainua simu.

"Sista, nisomee namba ya chupa ya Kitinda."

"Unaanza na hiyo?"

"Nisomee, dada yangu."

Sista akasoma. Hapa mtu angetegemea ile methali ya damu na maji. Tuiache, kule benki ya damu hawaitumii, wameisikia mno.

Fundi aliitafuta chupa ile kwa namba. Diski iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Dakika moja. Mbili. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Dakika ya nne mstari ukatokea, wa mia moja themanini na saba: jina, simu, mtaa. Hakuiamini kompyuta wala karatasi. Aliandika namba ya simu mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, kwa kalamu ya wino, akibonyeza mpaka ngozi ikauma. Ndipo akarudi mstari wa kwanza akaanza kuteremka.

Alifika mstari wa themanini na moja. Diski ilitoa mlio mwembamba, ikatulia, na haikuamka tena.

Alipiga hesabu pale pale, hakuweza kujizuia. Mistari themanini na moja kwa dakika tisa na nusu. Dakika nne alizotumia kumtafuta mtu mmoja zingetosha watu thelathini na wanne.

Watu mia moja na thelathini hawakupatikana. Damu yao ilikuwepo, imejaa friji, na ingepimwa upya na kutumika. Lakini wenyewe walikuwa wametoweka. Jambo hilo lingekuwa aibu tu, isingekuwa chupa tatu. Chupa hizo Sista alikuwa amezibandika alama nyekundu Jumatano, zikitengwa zisitumike, kwa sababu zilionyesha ugonjwa ambao mtu anapaswa kuambiwa mapema, aanze dawa. Watu watatu walikuwa wanatembea mjini hawana hili wala lile, na benki ya damu, iliyojua habari zao, haikujua ni akina nani.

Kikao kilikuwa Jumatatu, watu walewale watatu. Mkurugenzi alikuwa ameishusha miwani machoni, jambo lisilo la kawaida. Mbele yake palikuwa na karatasi iliyotoka kwenye mashine, yenye kila hatua na saa yake.

"Sielewi kitu kimoja," alisema. "Mstari wa mia na themanini na saba umesomwa kabla ya wa kwanza."

Aliisukuma karatasi ile katikati ya meza.

Alimtazama Fundi, na hakuwa mtu mbaya yule. Alijua ya Kitinda, wote walijua. "Mashine ikiwa inaumwa hivyo," akasema polepole, "bila shaka inaweza kuruka. Si ndiyo? Tuandike mashine iliruka. Funika kombe, mwanaharamu apite."

Fundi alitazama mkono wake. Namba ilikuwa imefifia lakini ilisomeka bado; alikuwa ameoga siku nne kwa mkono mmoja, ingawa siku ileile alikuwa ameinakili sehemu tatu, moja nyumbani, moja kwa Sista, moja kwa Mama.

"Mashine haikuruka," alisema. "Niliruka mimi. Ni mdogo wangu."

"Unajua nikiandika hivyo—"

"Andika. Na uandike na diski zilitoka katoni moja, nilijua, nikaona uvivu kupanda ngazi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Naona aibu, Mkurugenzi. Silali vizuri. Na ikinitokea tena kesho, namba ya kwanza nitakayoitafuta ni ileile. Kwa hiyo msinipe tena nafasi ya kuchagua. Nipeni nakala ya kila siku."

Ikaandikwa. Fundi alipewa barua ya onyo, na siku hiyohiyo ombi lake la nakala za kila siku lilipata saini zote, kumbe kalamu zilikuwepo siku zote. Mzee Saini naye akatunga sheria mpya, kwamba diski mbili za katoni moja hazitoki stoo bila barua ya Mkurugenzi. Aliitangaza kama wazo lake.

Redioni likapita tangazo la kuwaomba waliotoa damu wiki ile warudi wajaze fomu upya. Siku za kwanza walikuja wengi, wengine wakidhani kuna zawadi. Walipimwa tena bila kelele. Baada ya mwezi walikuwa wamerudi tisini na sita, na kati yao wamo wawili wa ile alama nyekundu. Waliingizwa chumba cha Sista mmoja mmoja na mlango ukafungwa. Wa tatu hakuja. Fundi alikuwa akiuliza kila jioni kabla ya kuondoka, na Sista alikuwa akitikisa kichwa, mpaka ikafika mahali haulizi, anachungulia tu mlangoni, na Sista anatikisa kichwa vilevile.

Miezi mitatu ikapita. Yule mpaka rangi alipigiwa simu, akaja na ovaroli lake lenye madoa meupe, akatoa damu huku akisimulia ubovu wa kuta za siku hizi. Hakujua ya nani, na hakuuliza. Wiki iliyofuata Kitinda alipewa chupa ile. Ilipofika jioni mashavu yake yalikuwa na rangi, na alikuwa anamtania muuguzi kuhusu viatu vyake.

Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda mchana kutwa. Walipotoka nje, teksi mbili zilikuwa zinasubiri, kama siku zote. Mama alimwingiza Kitinda ya mbele, akamfunika magoti kwa kitenge, kisha akageuka.

"Leo huniulizi habari ya mayai?"

Fundi alitabasamu kidogo, halafu akaacha. "Mama, na kama siku moja gari lingekuwa moja tu? Nafasi ya mtu mmoja?"

Mama alimtazama. Hakuwa ameambiwa habari ya dakika nne, lakini mama hahitaji kuambiwa kila kitu.

"Mwanangu," alisema, "unadhani miaka yote hii nakodi mawili kwa kuwa napenda madereva?"

Akapanda na Kitinda, mlango ukafungwa, teksi ikaondoka. Fundi akapanda ya pili. Getini dereva alisimama kidogo kumpisha mtu aliyekuwa anaingia kwa miguu, mwanamume wa makamo mwenye bahasha mkononi. Fundi aligeuka kitini akamfuata kwa macho mpaka alipofika mlangoni, kama alivyowafuata wote walioingia pale tangu Alhamisi ile.